Programu Iliyokataa Ng'ombe

Mzee Galgalo aliingia ofisini bila hodi, naye si mtu wa kuingia mahali bila hodi. Akabandika karatasi juu ya kibodi ya Swabra.

"Binti, hii karatasi nani aliandika?"

"Kompyuta, mzee."

"Basi kompyuta yako natukana mimi. Nasema Galgalo iko na mbuzi kumi na nne. Ng'ombe, hakuna! Mimi, Orma, mfugaji tangu babu, hakuna ng'ombe!"

Ilikuwa Jumanne, mwaka wa tisini na nane. Mnada wa Garsen ulikuwa umefungwa tangu homa ya mifugo iliyokuja baada ya mafuriko. Jumamosi ungefunguliwa, ila kwa wanyama waliomo kwenye orodha ya waliochanjwa tu. Orodha ilikuwa kazi ya Swabra, karani wa chama cha wafugaji, na daktari wa mifugo aliitaka Alhamisi adhuhuri. Asiyemo angerudi na wanyama wake malishoni, asubiri mwezi mwingine.

Swabra akajibu vile wajibuvyo watu wa kompyuta dunia nzima. "Labda hukuandikishwa vizuri, mzee."

Galgalo akavuta kiti, akaketi, akasema haondoki. Ndipo Swabra, kwa kuona haya tu, akaipitia orodha nzima. Mbuzi tele. Kondoo tele. Punda wawili watatu. Ng'ombe hata mmoja, Garsen nzima! Na yeye ndiye aliyeichapisha bila kuisoma.

Programu yenyewe iliitwa Boma. Ilitungwa na Mansur, mwalimu wa kompyuta kule Malindi, akaigawa bure kwenye disketi kwa ofisi za mifugo, tangu Garsen hadi Nanighi. Ndani ya disketi aliweka maandishi yote ya programu, wazi, na barua fupi: ukiona kasoro, niandikie, ukiweza kuitengeneza, itengeneze, unirudishie na wengine wafaidi. Swabra aliipenda barua ile, ila hakuwahi kudhani kwamba "ukiweza" lilimhusu yeye. Sasa simu za Garsen zilikuwa zimekufa, na barua kwa basi, kwenda na kurudi, ingechukua siku nne.

"Haya mzee, tuandike upya, uone mwenyewe."

Aliandika mbuzi, mbuzi akaonekana. Kondoo, akaonekana. Ng'ombe, kimya. Hakuna onyo, hakuna chochote.

"Imekula," alisema Galgalo.

Swabra akafungua daftari la malalamiko. Miezi miwili nyuma, ofisi ya Nanighi ilikuwa imewapigia simu kulalamika kwamba mfanyabiashara mmoja, Ng'ang'a, jina lake haliingii. Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, Swabra alikuwa ameandika: Amekosea. Uso ukamwiva kwa aibu. Ng'ang'a. Ng'ombe.

"Ni kile kialama kinachoning'inia juu!"

"Basi andika ngombe bila hicho kialama, tumalize," alisema mkubwa wake, Bwana Changawa.

"Hiyo si ng'ombe yangu," alisema Galgalo.

Swabra alicheka, lakini naye alikataa. Wangepita njia ya mkato Garsen, ofisi nyingine zote zingeendelea kupoteza ng'ombe na watu bila kujua.

Jumatano kutwa alisoma maandishi ya Mansur mstari kwa mstari, rula mkononi. Alasiri akaipata. Boma ilikuwa ikifungia kila neno kati ya vialama viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma, na vilikuwa vya aina ileile. Ikifika ng', hudhani neno limekwisha. "Ombe" linalobaki haijui ilipeleke wapi, basi huruka mstari mzima na kunyamaza. Hapo hasira zikampanda. Kukosea, sawa, lakini kukosea ukanyamaza?

Aliandika mistari mitatu. Miwili ya kuifundisha kwamba kialama kilicho ndani ya neno ni cha neno. Wa tatu wa kuilazimisha ipige kelele kila irukapo kitu. Jaribio la kwanza liliwafuta hata mbuzi, akashika tama, akaanza tena. Alhamisi saa nne asubuhi akaibonyeza kwa mara ya mwisho, na printa ikaanza kukereza. Ng'ombe. Ng'ombe. Ng'ombe. Ukurasa baada ya ukurasa! Swabra alipiga vigelegele peke yake mle ofisini, hata Bwana Changawa akaja mbio na fimbo akidhani kuna nyoka.

Kabla ya adhuhuri orodha ilikuwa mikononi mwa daktari, na disketi mbili zilikuwa kwenye mabasi, moja ya Mansur, moja ya Nanighi. Kwenye daftari, Swabra alikata neno Amekosea, akaandika juu yake: Tumekosea sisi.

Jumamosi alikwenda mnadani. Langoni karani wa daktari alisoma majina kwa sauti, wafugaji wamejaa hadi barabarani. Ikafika zamu yake mzee.

"Galgalo Dhadho. Mbuzi kumi na wanne. Ng'ombe sitini na wawili."

Galgalo hakusogea. Ng'ombe wake walimsukuma mgongoni, watu wa nyuma wakamfokea apite, vumbi likatimka. Alimtazama karani usoni.

"Mimi sikio imeziba. Soma tena."

Karani akasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi, na sokoni kote wakasikia.