Mjerumani wa Fokasi

Karani mmoja wa ofisi ya maji, ambaye watu wote walimwita Fokasi, alikuwa na ugonjwa mmoja usiosikia dawa: kamera za filamu. Si kuzipigia picha, maana ya kupigia alikuwa nayo moja ya plastiki, mlango wake umefungwa kwa utepe. Ugonjwa wake ulikuwa kuzitamani. Alikuwa kwenye kundi la simu pamoja na wagonjwa wenzake, na huko kila mtu alikuwa na kamera yake ya ndotoni. Mfamasia alitaka ile yenye macho mawili, ambayo mpigaji huiinamia kifuani kama anayechungulia kisima. Mwalimu wa hesabu aliililia ile ya sanduku, ambayo aliapa kuwa nyingine ya aina hiyo ilifikishwa mwezini. Fokasi alitaka Mjerumani: mdogo, mzito, wa chuma kitupu, asiyehitaji hata betri, na mlio wake ukipiga ni kama mtu aliyemeza mate.

Akampata. Mpiga picha mmoja wa magazeti alikuwa amestaafu na macho yamemwishia, naye alikubali kubadilishana kamera kwa pikipiki ya Fokasi. Mkewe Fokasi, ambaye pikipiki ile ilikuwa ikimpeleka kazini kila asubuhi, hakugomba. Alianza kutembea kwa miguu, na jioni akirudi huuliza tu, "Mgeni wetu ameshakula? Mjerumani amelala?"

Siku ya kukabidhiana, yule mstaafu alimwonyesha namna ya kuweka filamu. "Huyu hulishwa kwa chini," alisema. "Ukishafunga, vuta huu mkono mdogo wa kulia, halafu tazama kigurudumu cha kushoto. Kikizunguka, filamu inakwenda. Kisipozunguka, unapiga hewa."

"Najua, mzee, najua," Fokasi alijibu. Hakuwa anajua. Alikuwa ameshaanza kufikiria maneno atakayoandika kwenye kundi.

Haukupita muda, binti wa dada yake akaolewa. Fokasi alifika ukumbini amemning'iniza Mjerumani kifuani, suti ameshonewa na fundi wa maana, na kila aliyemsalimia alielezwa habari za lenzi. Mpiga picha wa kukodiwa alikuwepo, kijana wa heshima zake, lakini saa ile alikuwa bustanini na maharusi. Basi yaliyotokea ndani hakuyaona.

Mama yake Fokasi alikuwa na dada mmoja tu wa tumbo moja. Walikuwa hawasemeshani tangu mama yao alipokufa, kwa ajili ya cherehani aliyoiacha: mkubwa aliichukua, mdogo akasema ameibiwa, na maneno yakawa maneno. Watoto wa huku walikua hawazijui sura za wa kule. Sasa watu wanakula, mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkubwa na mkongojo wake, hakualikwa na yeyote, akapita katikati ya meza mpaka mbele ya mdogo wake.

"Ile cherehani imeshika kutu," alisema. "Njoo uichukue. Mimi hata uzi siuoni."

Mama yake Fokasi alisimama, kijiko mkononi. "Na mimi nani kakwambia nauona?"

Wakacheka, na kicheko kikageuka kilio, wakashikana kama watoto waliopotezana sokoni. Ukumbi mzima ulinyanyuka. Kitinda, binti mdogo wa dada yake Fokasi, alikuwa ameshainua simu, na shangazi wawili watatu pia. Fokasi aliruka akasimama mbele yao, mkono juu.

"Jamani, simu chini. Mnaharibu mwanga na mnawasumbua wazee. Hii naipiga mimi, picha ya kudumu."

Alikuwa mjomba, na alikuwa Fokasi. Simu zikashuka. Naye akapiga: mikono iliyoshikana, paji kwa paji, mama mkubwa akimfuta mdogo wake machozi kwa ncha ya mtandio. Alipiga akizunguka, akipiga goti, akihisi kwamba maisha yake yote yalikuwa yakimwandaa kwa dakika zile.

Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita. Alipokuwa nje akiwapiga watoto picha, alishtuka kwamba kihesabio kimepita hapo na mkono bado unavutika, laini kabisa. Akakumbuka kigurudumu cha kushoto. Akavuta tena, akikitazama. Kilikuwa kimetulia kama kigingi. Muda wote ule alikuwa amepiga hewa.

Wakati ule ule angerudi ndani akasema, "Jamani, nimekosea, hebu kaeni tena." Wazee walikuwa bado wameketi pamoja, wanalishana. Ilikuwa hatua chache tu. Lakini alifikiria zile simu alizozishusha, akafikiria kundi, akafikiria mkewe aliyekuja harusini kwa miguu. Akaifunga kamera kwenye mkoba wake na kwenda kuchukua soda.

"Picha zinasafishwa," alimwambia mama yake juma lile, na majuma yaliyofuata. "Filamu haitaki haraka, mama." Mama alisubiri. Alikuwa ameshatoa picha ya zamani kwenye fremu ya sebuleni, akaiacha fremu tupu.

Kisha mama mkubwa akaugua kifua, na kabla watu hawajapanga zamu za kwenda kumtazama, akafariki. Baada ya mazishi mama alimshika Fokasi mkono. "Niletee hata moja. Hata kama haijakauka."

Hapo ndipo Fokasi alipofanya lile lililomchoma kuliko yote. Alisema filamu imeunguzwa. Ameiunguza Mzee wa Dawa.

Mzee wa Dawa alikuwa ndiye fundi pekee aliyebaki mjini wa kusafisha filamu, mtu mkimya, vidole vyake vya kahawia kwa kuchanganya dawa. Fokasi hakuwa amempelekea filamu yoyote. Alilitaja jina lake kama mtu anayejishika ukutani asianguke. Lakini shemeji yake, baba wa bibi harusi, hakuwa mtu wa kulala na jambo. Alikwenda dukani kwa mzee akamfokea mbele ya wateja, akamwita mzembe, na habari ikatembea. Mfamasia aliandika kwenye kundi kwamba yeye filamu zake atazituma mji mwingine. Wengine wakaitikia. Fokasi alisoma, akaweka simu mfukoni.

Jumapili moja alikwenda kumwona mama yake. Alimkuta anachambua mchele.

"Nilifuatana na shemeji yako siku ile kwa yule fundi," mama alisema, macho kwenye ungo.

Fokasi alikaa taratibu. "Akasemaje?"

"Niambie wewe, alisemaje?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi. Angeweza kupita. "Mama, yule mzee siku hizi anakunywa," alisema. "Usimsikilize."

Mama aliokota kijiwe, akakitupa. "Sawa, mwanangu."

Kisha akampakulia chakula. Lakini ile "sawa" Fokasi aliondoka nayo. Alilala nayo, akaamka nayo. Kesho yake hakwenda ofisini. Alikwenda kwa Mzee wa Dawa, akaingia akainamisha kichwa, akaweka Mjerumani na ile filamu juu ya kaunta, akaeleza yote.

Mzee alishika filamu, akautazama ulimi wake, ile ncha inayotangulia kuingizwa kwenye kamera. Ulikuwa umenyooka kama ulivyotoka dukani. Akairudisha.

"Mimi unaniambia ya nini?" aliuliza. "Mimi ninajua kwamba sikuipokea. Nenda ukawaambie wasiojua."

Ndugu walikusanyika kwa dada yake Fokasi. Fokasi aliongea akiwa amesimama, maana kukaa kulimshinda. Alisema filamu haikushika, alisema alijua siku ile ile, alisema fundi hana kosa. Shemeji yake alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Mimi nimemtukana mzee wa watu," alisema. "Kwa mdomo wako nimemtukana mzee wa watu."

Kitinda alikuwa mlangoni. "Mjomba," alisema polepole, bila hasira, "mimi nilikuwa nimeshaifungua kamera. Kilikuwa kimebaki kidole tu."

Fokasi alimgeukia mama yake, labda kwa mazoea ya utotoni, kutafuta pa kujificha.

"Mimi nilijua tangu dukani, mzee alipoapa hajapokea filamu yoyote," mama alisema. "Nilikuuliza ili useme. Badala yake ukamfanya mlevi."

Asubuhi Fokasi na shemeji yake walikwenda kuomba radhi. Mzee wa Dawa aliwasikiliza, akaitikia kwa kichwa, hakuwakaribisha kiti. Fokasi aliandika ukweli kwenye kundi la simu, mstari kwa mstari. Kwa siku nzima hakuna aliyejibu, mpaka mwalimu wa hesabu alipotuma picha ya lenzi na mazungumzo yakaendelea kama kawaida. Wateja wengine walirudi kwa mzee. Mfamasia hakurudi.

Mama hakumnunia. Humpokea, humpakulia, humuuliza habari za kazi. Ila wajukuu wakijaa pale nyumbani hupenda kuwasimulia siku ile ya ukumbini: mlango ulivyofunguka, dada yake alivyovaa, alivyonukia karafuu, mkono wake ulivyokuwa mwepesi. Husimulia kwa utaratibu, akirudia vitu, kama mtu anayeogopa kitu kisimponyoke. Na kila akianza, Fokasi hukumbuka kuna kazi uani, akatoka.