Raba za Katandala

"Mabibi na mabwana, walimu waheshimiwa mliopewa chai ya chumvi na mpishi Felisian, wazazi wapenzi, na ng'ombe mliokatiza uwanjani bila kibali: anayeingia sasa ni mwanariadha wetu, Kabula Bundala. Miguuni amevaa raba zilizoshonwa Italia na mafundi mashuhuri, jozi ambayo hata Dar es Salaam bado wanaisikia kwenye redio!"

Hivyo ndivyo nilivyotangaza mimi, Suma, mshika kipaza sauti wa shule yetu ya bweni ya wasichana, siku ya mashindano ya mkoa. Umati uliguna kwa heshima. Ilikuwa hotuba nzuri yenye kasoro moja tu. Raba zile zilishonwa mtaa wa Katandala, nyuma ya mashine ya kusaga, na mama mzazi wa Kabula, ambaye wakati huo alikuwa ameketi benchi la mbele na kitenge chake cha bluu, akinitazama.

Miaka ile biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, na malori yaliyopita mpakani Kasesya yalituletea kila kitu kinachong'aa. Baba yangu, Mnyakyusa wa Mbeya mwenye duka Sumbawanga mjini, alikuwa akiuza raba mtoni, yaani zile za majuu, zenye soli nene kama mkate. Bwenini, asiyekuwa nazo alihesabiwa mshamba. Aliposikia kwamba rafiki yangu atakimbia mita elfu tatu, baba akamwita dukani na kumpa jozi bure, ili watu wazione na duka lijulikane.

Kabula alizigeuza, akazinusa, akauliza, "Nani alizishona, baba?"

"Zimeshonwa kiwandani."

"Kiwanda cha wapi?"

"Mwanangu, mimi nauza viatu. Ukoo wao siujui."

Kabula akashukuru, akapiga goti, akazirudisha kaunta. Mimi nilitamani kumfinya.

"Unarudisha raba ya bure?" nilimwambia tulipotoka. "Mshikaji, umerogwa?"

"Mama alishona viatu kiwandani kabla hatujahamia huku na ng'ombe wetu," alisema. "Mlango ulikuwa unafungwa kwa nje. Siku moja mwenzake alianguka kwa harufu ya gundi, wakagonga mlango mpaka mwenye ufunguo akamaliza kula."

"Sasa baba yangu anahusikaje na ufunguo?"

"Sijasema anahusika. Labda zake zilishonwa mlango ukiwa wazi. Labda hapana. Hata yeye hajui. Za mama nazijua."

Nilizijua na mimi, maana nilikuwa nikienda Katandala kila likizo kula viazi vyao. Karakana ile ilikuwa ya wanawake wanne. Mlango wake ulitazama barabara na haukufungwa mpaka jioni. Mtoto wa mmoja wao alilala juu ya ngozi, na mapato waligawana sawa. Soli walikata kwenye matairi ya malori, wakazichonga kwa kisu mpaka zikakunjika kama ulimi. Ngozi ya juu ilitoka kwenye ndama wa mzee Bundala mwenyewe. Walikuwa wanasubiri siku hii. Walimu wa michezo wa mkoa mzima wangekuwepo, na Kabula akikimbia vizuri, labda mmoja angeagiza. Bila oda karakana isingefika masika.

Nilijua yote hayo. Lakini pale kwenye mstari, Jenifer wa shule ya mjini, aliyevaa raba mtoni kutoka duka la baba, alimwangalia Kabula miguuni akasema, "Dada, umetoka kuchunga?" Wenzake wakacheka. Kabula alifunga kamba zake polepole, kama mtu anayevaa taji. Mimi ndiye niliyewaka. Kipaza sauti kilikuwa mkononi. Italia ikatoka.

Filimbi ikapigwa. Upepo wa Ufipa ulikuwa unatupulizia vumbi jekundu machoni. Ningependa kusimulia kwamba soli ya Jenifer ilibanduka mzunguko wa pili, lakini haikubanduka. Baba yangu hauzi takataka. Jenifer alikimbia kama swala. Ila Kabula alikulia nyuma ya ng'ombe wasiojua kusubiri, na mzunguko wa mwisho alimpita kwenye kona, kifua mbele, akamaliza peke yake. Nilipiga kelele mpaka kipaza sauti kikaanza kulia.

Mwalimu Wilibrodi, wa michezo kutoka shule ya mjini, alikuja mbio, akaomba kiatu kimoja akakikunja. "Chepesi," alisema. "Ningetaka timu yangu nzima ivae hivi." Akakirudisha taratibu. "Lakini Italia, jamani. Italia tutaiweza wapi?"

Akaanza kuondoka. Benchi la mbele, Mama Kabula aliinamisha kichwa akajifunga kitenge upya. Kabula aliniangalia, jasho likimtiririka.

"Suma," alisema, "mimi nimekimbia ili mama aonekane. Wewe umemficha."

Kabla sijapata uongo mwingine, mkono ukapita begani kwangu ukachukua kiatu. Ulikuwa wa baba. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mifereji ya soli.

"Hili ni tairi la lori," alisema. "Nafuata mizigo Kasesya kila wiki, nayajua. Italia wanavaa tairi letu tangu lini?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Washa hicho kipaza sauti."

Nikawasha. Nikakohoa kama mheshimiwa.

"Mabibi na mabwana, kufuatia uchunguzi wa kina..." Nikamwona Mama Kabula ameinua uso, na maneno makubwa yakaniishia. "Nimewadanganya. Raba hizi zimeshonwa Katandala, nyuma ya mashine ya kusaga, mlango ukiwa wazi. Aliyezishona ni yule mama wa benchi la mbele, mwenye kitenge cha bluu, na wenzake watatu. Mwalimu Wilibrodi, usiondoke, ni mwendo wa miguu tu. Simama, mama, wakuone."

Akasimama. Uwanja mzima ukampigia makofi, na Kabula akavua raba zote mbili akaziinua juu kama kombe, miguu peku vumbini. Baba naye alipiga makofi, ingawa kwa sura ya mtu anayehesabu hasara.

Nilikuwa nimebakiwa na jambo moja, na kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi.

"Halafu mpishi wetu, Felisian, hana hatia. Chumvi kwenye chai ya walimu asubuhi hii niliweka mimi."