Ng'ombe wa Mama kwenye Notes za Kang'ethe

Mwalimu Kang'ethe alinipa sifuri kwa sababu ya ng'ombe. Sisemi kwa mafumbo. Chuoni kwetu mjini Nakuru alitutaka tuandike class iitwayo Ngombe, yaani mwongozo ambao kompyuta huutumia kuunda ng'ombe mmoja mmoja, na ndani yake method moja, kazi ya ng'ombe huyo: kamua(), itoe lita. Kwenye mfano wake ubaoni kila ng'ombe alitoa lita kumi. Awe mtamba, awe amezaa jana, kumi tu.

Mimi ni wa Subukia. Nimekamua tangu darasa la tatu. Ng'ombe akizaa, siku tano za kwanza maziwa yake ni dang'a, mazito, ya manjano, haki ya ndama. Thubutu kuyachanganya na mengine uone kama mtungi mzima hautamwagwa barabarani majirani wakitazama. Basi nikaongeza method ya pili, peleka(), inayohesabu siku tangu ng'ombe azae na kukataa hadi tano ziishe. Nikaijaribu kwa Chelel, ng'ombe wa mama, aliyekuwa amezaa juzi. Kompyuta ikaandika: "Bado. Ni ya ndama." Nilitabasamu peke yangu kama mjinga.

Kang'ethe aliisoma kwa sauti, darasa zima lisikie.

"Jepleting, nilisema method ngapi?"

"Moja, sir. Lakini maziwa ya kwanza..."

"Hii ni programming, si zizi. Fuata notes."

Wakaangua kicheko. Sifuri ile ilinifelisha somo, na kwetu aliyefeli haendi attachment, yale mazoezi ya kazi nje ya chuo. Chama cha ushirika cha maziwa huko nyumbani kilikuwa kimeniwekea nafasi ya Januari kwenye kompyuta zao. Ikapewa mwingine. Mama aliponiuliza nilikosea wapi, nilimfokea. Mama! Mpaka leo hilo linaniuma kuliko sifuri yenyewe.

Januari nikawa narudia somo lile lile, kiti kile kile, kati ya wanafunzi wapya. Kang'ethe akagawa notes mpya, zimechapwa vizuri, jina lake juu. Ukurasa wa tatu: class Ngombe. Kamua() na peleka(). Siku tano. "Bado. Ni ya ndama." Na mfano wa kwanza, Chelel. Hata jina hakubadilisha! Nilihisi masikio yanawaka moto. Mtu ameiba ng'ombe mchana kweupe, kisha anamleta kumwonyesha mwenyewe.

Msichana wa mbele, Shiko, mtoto wa mjini, akainua mkono.

"Sir, mbona siku tano? Kwani hiyo peleka inakataa nini?"

Kang'ethe akaitazama karatasi. Akaigeuza nyuma, kisha mbele.

"Hiyo ni condition tu."

"Najua ni condition, sir. Lakini ya nini?"

Akazungusha macho darasani mpaka yakanifikia mimi, na sauti ikalainika ghafla.

"Jepleting, hebu elezea wenzako. Si wewe unajua hii maneno ya ng'ombe?"

Nilisimama. Nilikuwa na hasira, lakini sauti ilitoka sawasawa.

"Sir, hii ni programming, si zizi."

Nikaketi. Hakuna aliyecheka, maana hakuna kati yao aliyekuwepo siku ile. Kang'ethe peke yake ndiye aliyekuwepo. Akasema tufungue ukurasa wa nne.