Kidoa Cheupe Upande wa Kulia

Kisu kilipita kwenye kadibodi bila kukwama, nikajisifu moyoni. Kutengeneza fremu ndiyo kazi yangu, na hii ilikuwa picha ya mama.

Aliichora kitandani, kwa rangi za maji, miezi miwili mizima ya ugonjwa wake. Bahari shwari, samawati imeyeyuka taratibu mpaka huoni inapokutana na mbingu. Niliitazama nikashusha pumzi. Nilidhani, masikini mimi, kwamba hatimaye moyo wake umetulia.

Maana tangu Chiriku azame, mama hakutaja bahari mbele yangu. Chiriku alikuwa mdogo wangu wa miaka sita, mdomo haufungwi. Niliachiwa mimi nimwangalie. Niligeuka kupiga soga na wenzangu, dakika mbili tu, na niliposhtushwa na ule ukimya, maji yalikuwa yametulia tuli. Mama hakunilaumu hata siku moja. Alinipakulia chakula, akaniuliza habari za kazi, basi. Miaka ishirini na mitatu nilingoja aniambie neno, hata la kuniumiza.

Sasa pale pichani, karibu na ukingo wa kulia, palibaki kidoa cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Nikaona mkono wa mgonjwa umepitiwa, rangi haikufika. Kadibodi inayoizunguka picha nikaiacha pana kidogo upande ule, ikakiziba.

Niliitundika mbele ya kitanda chake. Aliitazama kwa muda mrefu, macho yakitafuta kule kulia.

"Umemfunika," alisema.

Nikamwuliza nani, na huku najua.

"Siku ile ilikuwa shwari hivihivi." Akageukia ukutani.

Fundi mzima nilisahau kwamba anayechora kwa rangi za maji hapaki nyeupe. Nyeupe ni karatasi aliyoikwepa kwa makusudi. Miezi miwili, kila alipopitisha brashi, mama alikuwa anamzunguka mwanawe asimguse. Nilimwahidi nitaifungua fremu kesho yake. Kesho yake nilikuwa natafuta jeneza.

Picha iko kwenye karakana yangu, kadibodi nimeiondoa. Wateja huisifu, wanasema inawapumzisha. Hakosekani mmoja wa kunionyesha kile kidoa na kunishauri nikifiche, kinaharibu kazi nzuri.

Huwa sibishani nao. Niliachiwa nimwangalie.