Tempe Iliyopitwa na Siku

Nikiingia duka lile kubwa la kona akili hunihama kidogo, na sitaki mtu anicheke. Nje ni jua la mji wetu wa Salatiga na moshi wa pikipiki. Ndani ni ubaridi, muziki wa polepole, na ule mvuke mwembamba wanaonyunyizia mboga kila baada ya dakika chache. Nasimama mbele ya mchicha, mvuke unanigusa uso, nausahau hata mkokoteni wangu. Mchicha fungu rupia elfu tatu, choroko zilizochipua elfu mbili, mayai yenye ufa nusu bei. Ukijua kuchagua, watu wawili mnakula wiki nzima na afya zenu, bila kuyagusa yale makopo ya rangirangi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mimi sinunui mboga, nazichumbia.

Lakini mwezi ule sikwenda kuota. Mama yangu, Mbah Painem, bibi wa mtaa mzima, alikuwa ameacha kula. Alirudi kutoka hospitali kifua kimepona, hamu ya chakula ikabaki hukohuko. Uji vijiko viwili, kisha anageukia ukutani. Siku ya tisa nesi aliyekuja kumwangalia alinivuta nje, akaniambia bila kuzungukazunguka kwamba Mama asipokula wiki hii atarudishwa kuwekewa mipira ya kulishia, na kwa umri wake huenda asitoke tena. Nikamuuliza Mama anatamani nini.

“Tumpang,” akasema.

Tumpang ni mchuzi wetu wa tempe. Tempe yenyewe ni soya iliyochemshwa ikachachushwa mpaka ikashikana kama mkate mweupe, na hapa kwetu kila mtu anaila. Ila ya tumpang haitakiwi iwe mpya. Inatakiwa ilale siku kadhaa, igeuke kahawia, inuke mpaka jirani ajue unapika nini. Hapo ndipo utamu wake ulipo. Zamani kulikuwa na mama mmoja sokoni aliyekuwa akituwekea. Soko likabomolewa lijengwe upya, naye akarudi kwao kijijini, nikabaki na duka la mvuke.

Msimamizi wa upande wa mboga alikuwa Bwana Togar, mtu wa Medan, mji ulio kisiwa kingine kabisa, sauti nzito, aproni imepigwa pasi. Alikuwa na miezi mitatu tu mjini kwetu. Nikamuuliza kama ana tempe iliyopitwa na siku. Akanijibu kwamba hizo huondolewa kwenye rafu na kutupwa. Nikamwambia asitupe, aniuzie mimi. Alinitazama usoni, akatazama na kandambili zangu, moja nimeifunga kwa waya. Nilipofika kwa keshia nikakuta kwenye mkokoteni wangu tempe mbili mpya na trei ya mayai, vyote vimeshalipiwa.

“Usile vilivyooza, dada,” Bwana Togar akaninong’oneza. “Hata mimi nimewahi kukosa.”

Jamani! Mimi mwenye vyerehani vitatu na nyumba ya matofali, nimepewa sadaka! Masikio yaliwaka moto. Na kumweleza sikuweza, kwa sababu kwetu mtu akikutendea wema humsahihishi mbele za watu. Nikainamisha kichwa, nikatabasamu, nikashukuru. Nikarudi nyumbani na vitu vipya nisivyovihitaji, nikalia jikoni kwa hasira. Tempe ile ingechukua siku nne kufikia pale ninapotaka, na Mama siku nne hakuwa nazo.

Kesho yake nikameza aibu, nikarudi. Nikamngoja mpaka akawa peke yake penye mvuke, nikamweleza yote: mimi si maskini, kwetu iliyooza ndiyo inayotafutwa, mgonjwa ni mama yangu. Macho yakamtoka. Akaomba radhi mara tatu, halafu akafikiri sana huku akifuta mizani ambayo ilikuwa safi. Ghalani zilikuwepo tempe nne zilizotolewa rafuni juzi, zinasubiri gari la taka. Kuziuza haruhusiwi.

“Kanuni inasema nizitupe,” akasema. “Haisemi nizitupe wapi.”

Akazitupa kwenye kikapu cha baiskeli yangu, nyuma ya duka.

Nilipika asubuhi hiyohiyo. Nikaitwanga na pilipili na vitunguu saumu, nikaitia tui na majani ya ndimu, nikaimwagia mchicha na choroko. Harufu ikajaa nyumba nzima, ikapanda mpaka darini, na kwa muda nikaiona nyumba yetu ya zamani, Baba akiwa hai, sote tumekaa chini tunagombea ukoko. Nikampelekea Mama. Akafumba macho, akavuta harufu ile taratibu, akatabasamu.

“Imetosha,” akasema, akageukia ukutani.

Nilivunjika moyo. Nilimkasirikia pia, niseme kweli. Nikakaa kitandani kwake nikamhadithia habari za Bwana Togar, kwa kuogopa tu ule ukimya. Nilipofika kwenye kandambili mabega yake yakatikisika kwa kicheko. Kisha akauliza, uso bado ukutani:

“Mtu amekupa chakula mara mbili, hujamkaribisha kwako? Nani alikulea wewe?”

“Ni wewe, Mama.”

“Basi mwite.”

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilichowaza ni kwamba sina mkeka safi. Nikaazima kwa jirani.

Bwana Togar alikuja saa kumi na moja jioni, nywele zimelowa maji, mkononi ana machungwa. Mama alikuwa ameniamuru nimvalishe blauzi yake ya harusini na kumwegemeza kwa mito. Nikapakua sahani mbili, yake na ya mgeni. Kwetu mgeni hashiki kijiko kabla ya mwenyeji, na mwenyeji akiweka chake chini, mgeni naye ameshiba, ataka hataki. Bwana Togar alikuwa ameshafundishwa hayo na mama mwenye nyumba aliyopanga. Akakaa, mikono magotini. Harufu ilimpata sawasawa, machozi yakamlengalenga.

“Kula, mwanangu,” Mama akamwambia.

“Nakusubiri wewe, Mbah.”

Mama alitazama ukuta, akanitazama mimi, akamtazama yule mtu mzima aliyetoka kazini na njaa yake. Akainua kijiko. Akala. Mgeni naye akala, akameza kwa shida. Mama akala cha pili, cha tatu, akakiweka kijiko. Bwana Togar naye akakiweka chake.

Mama akakitazama kile kijiko cha mgeni.

“Bado una njaa wewe,” akamwambia.

“Sana, Mbah.”

Alikuwa anadanganya, jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Mama akashika tena kijiko. Wakaenda hivyo, kimoja kwa kimoja, mpaka sahani zote mbili zikawa nyeupe. Nilikaa mlangoni nimekumbatia sufuria, sithubutu hata kukohoa.

Bwana Togar akapangusa uso. Akaninyooshea sahani yake, akaniomba nimwongeze.

Mama akamtazama kwa hasira, kisha naye akaninyooshea yake.