Anayelimishwa Usiku

Waliosema Edith analimishwa usiku hawakusema kwa chuki. Walisema kwa huruma, wameshika tama, kama mtu anavyosema fulani ana kifua kikuu. Katika kijiji kile cha Ufipa, njia ya kwenda mji wa Kate, kila mtu alizijua dalili. Mchawi humchukua mtu usingizini, humtia jembe mkononi na kumlimisha shamba lake hadi alfajiri, kisha humrudisha kitandani mwili umechoka na kichwa hakikumbuki kitu.

Edith alikuwa nazo dalili zote. Alilala kanisani katikati ya mahubiri. Alilala akichambua maharage, mkono ungali ndani ya ungo. Aliacha ugali nusu sahani na bado alizidi kunenepa, mpaka wanawake kisimani wakaanza kuulizana ni nani anayemlisha, na anamlisha nini.

Na alikuwa akianguka. Akicheka sana, magoti yalilegea, shingo ikakosa nguvu, akadondoka kama gunia lisilo na kitu. Akiwa pale chini alisikia kila neno lakini hakuweza kuinua hata kidole. Baada ya muda nguvu zilirudi, akanyanyuka akijipangusa vumbi kwa aibu.

Aliyemchekesha kuliko watu wote alikuwa bibi yake, Kristiana, mama mzaa baba, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Kama bibi yeyote na mjukuu wake wa kike, walitaniana kwa kuitana wake wenza.

“Mke mwenzangu, umelala tena?” alikuwa akisema bibi kizee, akimtekenya kwa mpini wa jembe. “Uzee ni wangu, usingizi ni wako! Wewe ulipewa ujana ukaufanyia nini?”

Bibi Kristiana alilima kama walivyolima wazee wa Ufipa. Alikata nyasi zingali mbichi, akazikusanya, akazifunika udongo hadi likawa tuta la duara, nyasi zikaozea humo ndani zikawa mbolea. Wengi walikwishaiacha kazi hiyo ngumu, wakawa wanangoja mbolea ya dukani, na mwaka huu mbolea ilichelewa. Mahindi yao yakageuka njano. Ulezi wa Bibi Kristiana ukajaza kihenge.

“Kikongwe yule,” watu walisema, “matuta yote yale kayapiga na nani?”

“Na mimi,” Edith alijibu. Lakini sauti yake haikusimama vizuri, kwa sababu hata yeye hakukumbuka yote. Mara nyingi aliinamia tuta la kwanza, akaja kuzinduka yuko kwenye la sita, mikono ina udongo, macho yamejaa ukungu. Waliopita njiani walimwona akilima huku amesinzia.

Mchana mmoja, amejilaza mkekani, alimwona mtu amemkalia kifuani, amejifunga kitenge kama cha bibi yake. Alijaribu kujinasua akashindwa. Sauti ilipotoka, ilitoka kwa kelele: “Bibi, niache!” Baba yake mdogo, Felisian, alikuwa akipita nje ya dirisha. Aliyasikia maneno hayo, akaondoka nayo.

Felisian alimpenda Edith. Ndiye aliyempakia kwenye baiskeli na kumkimbiza zahanati mwaka ule aliposhikwa na mafua makali, homa ikampandisha hadi akaweweseka. Usingizi huu ulianza baada ya hapo. Na Bibi Kristiana alikuwa mama mzazi wa Felisian.

Yalipokwisha mavuno, kamchape, wale wapitao vijijini wakiwafichua wachawi, waliingia kijiji cha jirani. Nyumba ya mwanamke mmoja mzee ikachomwa naye akiwa ndani. Vijana wa kijijini kwa Edith wakaanza kukitazama kihenge cha Bibi Kristiana kwa namna nyingine, na aliyewaongoza alikuwa Mathias, mtoto wa Felisian mwenyewe.

“Ukoo utakaa Jumamosi,” Felisian alimwambia Edith. “Mimi sitaki maneno ya barabarani. Nitakusikia wewe. Ukisema si yeye, nitasimama mbele ya mama na panga langu, hata kama ni Mathias. Ila useme ukiwa na hakika.”

Hakika ndiyo aliyoikosa Edith. Alhamisi akapanda gari la abiria kwenda Sumbawanga, kwa sababu mhudumu wa zahanati alimwambia kuna daktari mpya anayesikiliza watu.

Daktari Nadhira alikuwa binti wa wenye maduka pale mjini, kijana bado, amevaa ushungi mweupe. Edith alisinzia kwenye benchi, akasinzia tena mbele ya meza yake. Daktari hakumfokea. Alimngoja, kisha akauliza, “Mdogo wangu, ukicheka huwa unaanguka?”

Edith akashtuka. “Nani amekuambia?”

“Wewe. Kwa kulala kwako.”

Akamweleza polepole. Katikati ya ubongo, huku chini, kuna chembe hai chache zinazotengeneza kitu kiitwacho oreksini. Ni tarishi. Huziamsha sehemu nyingine za ubongo na kuziambia zisilale. Tarishi huyohuyo hupeleka habari za njaa na shibe, za joto la mwili na mapigo ya moyo, na huuambia mwili utumie nguvu kiasi gani.

“Kwako nadhani chembe hizo zimekufa,” alisema. “Kinga ya mwili ilikuwa inapigana na yale mafua uliyonitajia, ikazidhania adui. Ndiyo maana unalala ovyo, unanenepa na huli.”

“Na huyu anayenikalia kifuani?”

“Ndoto iliyoingia kabla hujalala. Mtu akiota, mwili huzimwa asije akainuka na kutenda anachokiota. Kwako swichi hiyo imekosa mlinzi. Furaha au hasira ikija ghafla, mwili unazimika wewe ukiwa macho.”

Edith alijishika mdomo, machozi yakamtoka. “Kwa hiyo si bibi.”

“Si bibi. Si mtu yeyote.”

Chembe hizo hazirudi, alimwambia. Kipimo cha kuthibitisha hakipo hapa. Dawa ya kupunguza kuanguka ipo, na atampa, lakini huanza kufanya kazi taratibu.

“Kikao ni Jumamosi, daktari.”

Nadhira akaomba namba ya Felisian, akampigia palepale. Felisian alisikiliza kwa adabu, akashukuru, akasema hospitali ina yake na kijiji kina yake. Mtoto aje aseme mwenyewe.

Daktari aliweka simu mezani. “Basi sema ukiwa umekaa. Usikubali wakukasirishe. Anayekuchekesha sana ni nani?”

“Bibi.”

“Usimtazame.”

Jumamosi asubuhi upepo wa baridi ulivuma uani kwa Felisian. Edith aliketi mkekani. Bibi Kristiana aliketi kwenye kigoda karibu na kihenge, mikono mapajani. Felisian alisimama kati ya mama yake na vijana.

“Atuambie nani kampigia matuta!” Mathias akapaza sauti. “Sisi tunanunua mbolea tunavuna mabua, yeye na fimbo yake anajaza kihenge!”

“Nyamaza. Edith, sema.”

Edith akasema akiutazama mkeka. Alisema habari za homa, za chembe zilizokufa, za tarishi asiyepeleka tena habari. Alisema matuta wameyapiga mchana, bibi akikata nyasi na yeye akifunika, na mbolea yao ni nyasi zilezile ambazo wengine wanachoma moto. Maneno yalikuja kwa mpangilio ambao hakuutegemea. Aliona miguu ya watu ikitulia.

“Kumbe homa ile ndiyo iliyoziua chembe hizo,” Felisian alisema polepole.

“Ndiyo, baba.”

“Si mama.”

“Si bibi, baba. Nina hakika.”

Felisian akashusha pumzi. Mzee mmoja akatikisa kichwa kukubali. Edith alikuwa akitetemeka mwili mzima, na Bibi Kristiana aliliona hilo. Tangu mtoto yule akiwa mdogo, akitetemeka, bibi alijua dawa moja tu.

“Hee, mke mwenzangu!” akasema. “Kumbe ni ugonjwa! Basi marehemu mume wetu alikuwa nao. Nikitaja jembe, usingizi. Nikitaja pombe ya ulezi, chembe zote zinafufuka!”

Watu wakaangua kicheko. Hata Felisian alicheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Na Edith, ambaye hakuwa amemtazama bibi yake hata mara moja, alisikia furaha ikimpanda kifuani, nyepesi, kubwa kuliko zote. Bibi ameokoka, aliwaza. Akacheka.

Shingo ikalegea. Mgongo ukafuata. Shavu lake likatua mkekani.

Kicheko kikakatika.

“Mmeona?” ilikuwa sauti ya Mathias, nyembamba kwa hofu. “Mmeona wenyewe? Amemtamkia, ameanguka!”

“Mke mwenzangu,” bibi aliita. “Inuka. Inuka basi, uwaambie.”

Nawaambia, bibi. Nawaambia. Ulimi ulilala kinywani kama wa mtu mwingine. Aliona viatu vya Felisian, pale vilipokuwa, mbele ya kigoda. Kisha viatu vile vikasogea. Vilimjia yeye. Felisian alipiga magoti, akamfunika kitenge, akamfuta mate shavuni kwa kiganja.

“Pole, mwanangu,” alinong'ona, na alikuwa akilia. “Kuanzia leo utalala.”

Nyuma yake kigoda kilianguka. Edith alisikia fimbo ya bibi ikivunjika, akamsikia bibi akimwita, akimwita tena kwa mbali zaidi, kuelekea mashambani. Aliweza kupepesa macho tu. Kidole kiliporudi, na goti, na hatimaye miguu, alikimbia akianguka na kuinuka. Walikuwa wamemwacha bibi kati ya matuta, pumzi imekatika. Bado alikuwa na joto.

Polisi walikuja jioni, wakawachukua vijana. Felisian hakukamatwa. Alikaa uani ameshika panga ambalo hakulitumia, na hakuna aliyethubutu kumwambia aliweke chini.

Mvua zilipoanza, Edith alirudi Sumbawanga. Daktari Nadhira alikuwa amekwishasikia. Alimshika mkono kwa muda kabla ya kuuliza lolote la kidaktari.

“Unaanguka bado?”

“Siku hizi sianguki, daktari.”

“Basi dawa imekukubali.”

“Sijui,” alisema Edith. “Sijacheka.”