Maji Yaliyomwagwa Bursa

Siku tatu nzima Siyad aliuaga mji wa Bursa, kule Uturuki, na siku hizo tatu mkewe Fowsiya, aliyemtazama kwenye simu kutoka Garissa, aliuonea mji huo wivu. Mji, hebu fikiria. Mke mwenza unaweza kumnunia, mji utaununiaje?

Miaka mitano ya kusomea uhandisi ilikuwa imekwisha. Siyad alimwonyesha kibanda cha mkate wa ufuta, msikiti wenye chemchemi ndani yake, mlima wenye theluji, na paka mmoja mnene ambaye yeye Siyad alizoea kumlisha. Alipofika kwa paka akafuta macho kwa mkono wa koti. Fowsiya akatazama kando. Asubuhi aliyoondoka Garissa, mtu huyuhuyu alimwacha na Idman, binti yao wa miezi minne, akapanda basi bila kudondosha hata tone la chozi. Watu walimsifu kuwa ni mwanamume kweli. Hata yeye alimsifu. Leo analilia paka.

Hina ilikuwa imemkolea mpaka viwikoni, mbuzi wawili wamefungwa uani, na kesho yake mume angetua Nairobi. Uliyemsubiri miaka mitano huanzi kugombana naye siku moja kabla hajafika.

Siyad akatoka na masanduku yake, simu mkononi. Nyuma yake mama mwenye nyumba alisimama mlangoni na jagi, akayamwaga maji yote barabarani. Fowsiya alishtuka. Bomba lake lilikuwa kavu tangu Jumatatu, na maji ya kupikia aliyapata kwa mwenye mkokoteni. Akauliza yule mama ana wazimu gani.

Siyad akacheka. Alieleza kwamba ndiyo desturi yao: msafiri humwagiwa maji nyuma yake ili safari imwendee vyema, na arudi salama.

"Arudi wapi?"

"Huku."

Maneno ambayo Fowsiya aliyafungia siku tatu yakatoka yenyewe, akimwita mumewe baba wa Idman.

"Aabe Idman, niambie ukweli, wallahi sitakasirika. Kama wangekupatia ruhusa ya kukaa, ungerudi kwetu?"

Siyad alisimama. Kwa muda kilichoonekana kwenye simu ni viatu vyake tu.

"Niliomba," akasema. "Mara mbili. Walikataa."

Teksi ikapiga honi. Akaaga haraka, simu ikakatika.

Mama mkwe, aliyekuwa uani akichagua mchele wa karamu, akaita akitaka kujua mwanawe anasemaje. Fowsiya akajifuta uso kwa shungi, akatoka.

"Amefurahi, hooyo," akasema. "Anasema ugeni umemchosha. Anasema hana mji mwingine ila huu."

Mama mkwe akamshukuru Mungu, akasogea ampishe mkekani. Fowsiya akaketi, akaanza kuchagua mchele.